Kisumu hadi Marekani: moja kwa moja, kupitia Ulaya ama kupitia Ghuba?

Chukua tufe la dunia, lile la darasani. Weka kidole Nairobi na kingine New York, kisha vuta uzi katikati mpaka ukaze. Uzi huo hauendi magharibi kama ramani ya ukutani inavyotufanya tudhani. Unapanda kaskazini-magharibi. Unapita juu ya Molo, juu ya Webuye, unagusa mabega ya kusini ya Mlima Elgon, unaingia Uganda, Sudan Kusini, pembe ya Darfur, Chad, Niger, jangwa la Algeria na Morocco. Baada ya hapo ni Bahari ya Atlantiki, kwa upande wa visiwa vya Azores, hadi New York.

Kwa maneno mengine, mtu wa Kakamega, Bungoma au Eldoret anayekwenda Marekani huteremka kwanza Nairobi, mamia ya kilomita, halafu anapandishwa ndege na kurudishwa angani juu ya kwao. Uwanja wa Kisumu wenyewe uko karibu na New York kuliko JKIA, uwanja mkuu wa Nairobi, kwa takriban km 270. Faida hiyo haimsaidii mtu yeyote, kwa sababu hakuna ndege ya kutoka Kisumu hadi ng'ambo hiyo. Lakini ni vizuri kuijua kabla ya kukaa na ajenti wa tikiti, maana inakufundisha kuuliza swali sahihi: safari yangu inaanzia wapi na inaishia wapi hasa? Watu wengi hulinganisha ndege kuanzia JKIA hadi New York kana kwamba wanalala JKIA na shemeji yao anaishi ndani ya uwanja wa JFK.

Tuanze na kilomita. Nimezipiga kwa mstari mfupi kabisa juu ya uso wa dunia, kutoka uwanja hadi uwanja, na kuzikadiria kwa makumi. Ndege halisi haifuati uzi huo sawasawa. Inapinda kufuata upepo, kufuata amri za waongozaji, na kukwepa nchi zenye vita. Tangu mapigano ya Sudan yaanze Aprili 2023, mashirika ya ndege yamekuwa yakiizunguka anga ya nchi hiyo, na wanaokwenda Ulaya kutoka Nairobi ndio wameonja zaidi, kwa kuwa Sudan ilikuwa imewalalia katikati ya njia. Hata hivyo, kwa kulinganisha njia moja na nyingine, uzi unatosha.

| Nairobi–New York | Kipande cha kwanza (km) | Kipande cha pili (km) | Jumla (km) |
|---|---|---|---|
| Moja kwa moja | 11,840 | – | 11,840 |
| Kupitia Paris | 6,500 | 5,840 | 12,340 |
| Kupitia London | 6,840 | 5,540 | 12,380 |
| Kupitia Amsterdam | 6,680 | 5,850 | 12,530 |
| Kupitia Istanbul | 4,800 | 8,030 | 12,830 |
| Kupitia Doha | 3,350 | 10,770 | 14,120 |
| Kupitia Dubai | 3,560 | 11,010 | 14,570 |

Tazama Ulaya. Ukipitia London unaongeza km 540 hivi, sawa na kuruka Kisumu–Nairobi kwenda na kurudi. Katika safari ya kilomita elfu kumi na mbili hiyo si ziada ya kumkosesha mtu usingizi. Ukipitia Doha unaongeza karibu km 2,300, na Dubai zaidi ya 2,700, yaani kama robo ya safari nzima imewekwa juu yake. Si ajabu: New York iko kaskazini-magharibi na wewe unaanza kwa kwenda kaskazini-mashariki.

Lakini jumla si jambo linaloumiza mgongo. Kinachoumiza ni kipande kirefu zaidi, na hapo ndipo jedwali linasema kitu ambacho ajenti hatakwambia. Ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi hukaa angani karibu saa 15. Ndege ya Doha hadi New York hukaa karibu saa 14. Anayepitia Doha kwa sababu "saa kumi na tano mfululizo siziwezi" anakaa saa kumi na nne mfululizo vilevile, tena akiwa ameshakaa tano za kwanza na kusubiri uwanjani katikati. Sababu nzuri za kupitia Ghuba zipo, na nitazifikia, ila kupumzisha miguu si mojawapo. Anayetaka kuikata safari katikati kweli aende Ulaya: saa nane na kitu hadi Amsterdam au London, ashuke atembee, ale, kisha saa nyingine kama nane hadi New York. Istanbul iko katikati ya hayo mawili, chini kidogo ya saa saba kisha karibu kumi na moja, na ina raha moja ndogo: saa za Uturuki ni sawa na zetu mwaka mzima, kama za Doha. Simu ya mkononi haikuchanganyi ukiwa unahesabu muda wa kuunganisha ndege.

Ndege ya moja kwa moja ni jambo jipya kiasi. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliipa Kenya kiwango kinachoruhusu safari hizo Februari 2017, na Kenya Airways ikaanza kuruka Oktoba 28, 2018, kwa Boeing 787-8. Boeing wenyewe wanasema ndege hiyo inaweza kufika zaidi ya km 13,500, kwa hiyo 11,840 inaonekana kazi nyepesi. Sivyo. JKIA iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na ndege iliyojaa mafuta hupata taabu kuinuka mchana wa joto. Kuondoka usiku kunasaidia. Halafu ikifika Atlantiki inakutana na upepo mkali wa juu unaovuma kutoka magharibi, ndio maana kwenda ni kama saa 15 na kurudi ni kama saa 14 kwa umbali uleule. Ndugu wa Eldoret wanaouliza kwa nini uwanja wao wenye barabara ya ndege ya kilomita tatu na nusu hauna ndege ya Marekani wakumbuke kuwa wako juu kuliko Nairobi, zaidi ya mita 2,100. Huko ndege ingelazimika kuacha mafuta au kuacha abiria, kuongezea kwamba abiria wenyewe hawajai kila siku.

Addis Ababa ina shida hiyohiyo, kubwa zaidi. Uwanja wake wa Bole uko juu ya mita 2,300, na ndege za Ethiopian zinazokwenda Marekani kutoka pale zimekuwa zikitua mahali njiani zikienda, kama Lomé au Dublin. Nairobi–Addis ni km 1,160 tu, kwa hiyo kwa mtu wa Kisumu ni kupanda na kushuka kwingi: Kisumu, Nairobi, Addis, pa kutua njiani, Marekani, na pengine ndege nyingine ya ndani. Bei inaweza kukuvuta. Kama unasafiri na watoto, mimi nisingevutwa.

Sasa twende kwenye jambo lenyewe. Wakenya wengi hawakai New York. Ukisikia mtu wa Kisii au wa Vihiga ana dada Marekani, bahati nasibu inaangukia Minnesota, Texas, Georgia, Washington ya Seattle, Massachusetts, mahali kama hapo. Na mji wa mwisho ukibadilika, hesabu yote inageuka, mara nyingine kichwa chini miguu juu.

Chukua Minneapolis. Ukipanda ndege ya moja kwa moja hadi New York, bado una km 1,650 hivi za kuruka. Jumla inakuwa karibu 13,490. Ukipitia Amsterdam, kutoka pale kuna ndege inayotua Minneapolis bila kusimama, km 6,690 hivi, na jumla inakuwa 13,370. Soma tena. Kupitia Uholanzi ni kufupi kuliko kupitia New York, hata kama ni kwa km 120 tu. Idadi ya ndege ni ileile: mbili. Lile neno "moja kwa moja" lililokuvutia kwenye tangazo halikuhusu, kwa sababu safari yako haikuwa ya moja kwa moja tangu mwanzo.

Seattle ndiyo inayochekesha. Nairobi hadi Seattle kwa uzi ni karibu km 14,510. Kupitia Amsterdam ni karibu 14,520. Yaani Amsterdam imekaa karibu kabisa na uzi, kana kwamba ilijengwa kwa ajili ya Mkenya wa Seattle. Kupitia New York ni zaidi ya km 15,700, kwa kuwa ukishatua pale bado una bara zima la kuvuka. Na hata Dubai, ile iliyokuwa ya mwisho kwenye jedwali, inaishinda New York: km 3,560 hadi Dubai na karibu 11,930 kutoka Dubai hadi Seattle, jumla kama 15,490, ndege ikipita karibu na Ncha ya Kaskazini. Doha ni fupi zaidi ya Dubai kwa kilomita mia mbili hivi. Mtu aliyesema Ghuba ni kuzunguka alikuwa sahihi kwa New York na amekosea kwa Seattle.

Ukiteremka kusini mambo yanarudi upande wa New York. Atlanta: kupitia New York ni karibu km 13,060, kupitia Amsterdam 13,740. Dallas: kupitia New York 14,080, London 14,470, Amsterdam 14,580, Doha kama 16,100. Kwa hiyo Dallas kupitia Doha ni ziada ya km 2,000, ingawa Qatar Airways wana ndege inayotoka Doha na kutua Dallas yenyewe, na hilo lina thamani yake nitakayoieleza sasa hivi. Boston iko jirani na New York mno, haina hadithi: mwenye kwenda huko anaweza kushuka JFK na kumalizia kwa basi.

Thamani ninayosema ni hii. Marekani inakukagua kwenye uwanja wa kwanza unaoingia nchini, si wa mwisho. Ukitua JFK ukiwa unaelekea Minneapolis, ni JFK utakaposimama foleni ya uhamiaji, utakapochukua mabegi yako kwenye mkanda hata kama yameandikwa MSP, yaani Minneapolis, utakapopita forodha, utakapoyarudisha mabegi kwa shirika la ndege, na utakapopekuliwa upya kabla ya ndege ya ndani. Kama begi lina omena, majani ya chai ya Kericho na unga wa wimbi wa dada, hapo ndipo unapotamka wazi kuwa una chakula. Tamka kila kitu. Anayetamka hata akinyang'anywa huondoka zake, anayeficha anatozwa faini. Na nyama, hata iwe kavu namna gani, iache nyumbani.

Ukipitia Amsterdam hadi Minneapolis, au Doha hadi Dallas, unabadilisha ndege katikati bila kugusa begi, na ukaguzi wote unafanyika kwenye mji unaoshukia. Foleni ikiwa ya saa mbili, hakuna ndege inayokukimbia. Dada yako yuko nje amekaa kwenye gari. Kwa mtu anayeingia Marekani mara ya kwanza, na hasa mzee, tofauti hiyo ni kubwa kuliko kilomita zote nilizozitaja. Anayepitia JFK ajipe si chini ya saa nne kabla ya ndege ya pili. Tikiti zenye saa moja na nusu huuzwa, na kompyuta inazikubali, lakini kompyuta haisimami foleni.

Jambo la viza za kupita: mwenye pasipoti ya Kenya na viza halali ya Marekani kwa kawaida hubadilisha ndege Amsterdam, Paris, Istanbul, Doha au Dubai bila viza nyingine, mradi hatoki nje ya uwanja. London wana utaratibu wao wa kupita ambao huwaangalia Wakenya, na viza ya Marekani ndiyo inayofungua mlango. Sheria hizi hubadilishwa, kwa hiyo zisomwe kwenye tovuti ya nchi husika wiki unayolipa tikiti, si kwenye kumbukumbu ya binamu aliyesafiri zamani.

Kipande kinachosahaulika ni kile cha kwetu. Kisumu–Nairobi kwa ndege ni km 280 hivi, chini ya saa moja. Kwa barabara ni kama km 350 kupitia Ahero, Kericho na Nakuru, na basi la usiku hukufikisha katikati ya jiji alfajiri ukiwa umekunjika. Eldoret–Nairobi ni kama km 310 kwa barabara. Mtu wa Nakuru ana km 160, saa tatu siku ya heri, lakini Jumapili jioni msongamano wa Kinungi unaweza kuzifanya tano. Barabara ya juu ya Nairobi iliyofunguliwa 2022 imesaidia sana kipande cha Westlands hadi JKIA, ukiwa tayari kulipa.

Ndege za ndani zina mtego mmoja: si zote zinatua JKIA. Baadhi ya zinazotoka Kisumu na Eldoret hutua Wilson, na kutoka Wilson hadi JKIA ni teksi, mizigo mikononi, na Barabara ya Mombasa saa kumi na moja jioni. Soma tikiti. NBO ni JKIA, WIL ni Wilson. Mtego wa pili ni uzito. Tikiti ya Marekani mara nyingi hukupa mabegi mawili ya kilo 23. Tikiti ya ndani iliyonunuliwa peke yake huenda ikakupa moja tu, na kilo zinazozidi zinalipiwa pale kaunta huku foleni ikikutazama. Ukinunua Kisumu–Nairobi–New York kama tikiti moja kwa shirika moja, begi linaandikwa kuanzia Kisumu, uzito ni ule wa kimataifa, na ndege ya Kisumu ikichelewa wao ndio wanaokutafutia nyingine. Ukinunua vipande vipande, kuchelewa ni mzigo wako. Na Kisumu huchelewa. Mvua za radi za ziwani hupenda alasiri na jioni, kwa hiyo hata kama ndege ya kimataifa inaondoka karibu usiku wa manane, mimi humshauri mtu apande ndege ya asubuhi au ya saa sita mchana, akapumzike kwa ndugu Nairobi. Watu hulalamika kwamba ni kupoteza siku. Siku inayopotea Nairobi ina chai, ile inayopotea kwa kukosa ndege ina bili.

Nani achague nini basi? Mama wa miaka sabini anayekwenda kumwona mjukuu New Jersey, ndege ya kwanza maishani, asisumbuliwe na Ulaya wala Ghuba. Apande moja kwa moja, aombewe kiti cha magurudumu tangu Kisumu hata kama anatembea vizuri, kwa sababu anayekisukuma ndiye anayejua njia na ndiye anayeongea na maafisa. Wahudumu wanazungumza Kiswahili. Akitaka maji hataona haya. Saa kumi na tano ni nyingi kwa miguu ya mzee, na hapo sibishi: soksi za kubana, kiti cha pembeni ya njia, kuinuka kila baada ya muda. Kama ana historia ya damu kuganda au moyo, daktari aulizwe kabla ya tikiti kununuliwa.

Mama huyohuyo akiwa anakwenda Minneapolis, nabadilisha ushauri, ila shingo upande. Amsterdam ni fupi na begi halimsumbui, lakini Schiphol, uwanja wake, ni mkubwa wa kutembea. Kwa msaada wa kiti cha magurudumu ni sawa. Bila msaada, na bila Kiingereza cha kujitetea, ningetafuta mtu wa kusafiri naye kwanza, kisha ndiyo nizungumze habari za njia.

Mwanafunzi anayekwenda Texas na mifuko yake yote duniani ana nguvu na hana pesa. Huyo aangalie Ghuba bila aibu. Kilomita nyingi hazimaanishi bei kubwa. Mashirika ya Doha na Dubai hujaza ndege zao kwa watu wa kupita, na mara nyingi wanaozunguka sana ndio wanaolipa kidogo, jambo ambalo halina mantiki ukilitazama kwa mafuta na lina mantiki ukilitazama kwa viti vitupu. Aangalie tu urefu wa kusubiri. Saa tatu Doha ni sawa. Saa kumi na tisa, na hoteli si sehemu ya tikiti, zinakula ile nafuu.

Anayekwenda New York kwa kazi ya siku chache hana haja ya kusoma zaidi. Moja kwa moja: anaondoka usiku, anatua asubuhi, kwa sababu New York iko nyuma yetu kwa saa 7 majira yao ya joto na saa 8 majira ya baridi. Ila ndege hiyo haipo kila saa kama matatu ya Kondele. Ikighairishwa, inayofuata ya namna hiyo huenda ni kesho au kesho kutwa, wakati anayepitia Amsterdam au London ana ndege kadhaa za kuvuka Atlantiki kila siku. Mwenye mkutano usiosogezwa alitie hilo maanani.

Kwa watu wa mpakani kuna njia ambayo Nairobi haipendi kuitaja. Kutoka Busia, Entebbe ni karibu kuliko JKIA. Ni kama kilomita 240 kwa barabara, dhidi ya zaidi ya 430, na Mkenya huvuka kwa kitambulisho cha kitaifa, ingawa msafiri wetu ana pasipoti tayari. Emirates na Qatar Airways wanatoka Entebbe, Brussels Airlines pia, mara nyingine wakipitia Kigali. Entebbe hadi Brussels ni karibu km 6,240. Mtu wa Malaba, Busia, hata Bungoma, alinganishe bei za Entebbe kabla ya kuzoea Nairobi. Shida iko barabarani: kutoka Jinja kuingia Mukono na Kampala msongamano hauna huruma, na ile barabara mpya ya kwenda Entebbe iliyofunguliwa 2018 inaanza kukusaidia ukishalipita jiji. Lala Entebbe. Na hakikisha tikiti ya kurudi inatua hukohuko, kwa sababu nimeona watu wakinunua ya kuondokea Entebbe na ya kurudi Nairobi, kisha gari la nyumbani likaenda kuwangoja Busia.

Kurudi kuna hesabu yake. Ndege ya moja kwa moja kutoka New York huondoka mchana na kutua Nairobi asubuhi ya siku inayofuata, kwa hiyo ndege ya Kisumu ya mchana unaipata, au basi, na jioni uko Mamboleo. Ndege nyingi za kutoka Ulaya hutua JKIA jioni au usiku, baada ya ndege ya mwisho ya Kisumu kuondoka. Hapo ongeza hoteli au shemeji wa Syokimau kwenye gharama za njia hiyo. Za Ghuba hutua saa tofauti tofauti, na anayetoka Doha akichagua ile ya kufika asubuhi anakuwa sawa na wa New York. Wakati unalinganisha tikiti, usiangalie saa ya kutua JKIA peke yake. Fungua ukurasa wa pili uangalie ndege za Kisumu za siku hiyo, uone ipi inayobaki angalau saa tatu baada ya wewe kutua, halafu ndiyo ulipe.